Mreteni Wangu Ni Chinensis au Procumbens?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora, na kwa miaka minne nimekuwa nikijifunza bonsai, ule ufundi wa kukuza miti midogo chunguni, peke yangu. Mwaka jana nilinunua mti mdogo Dar es Salaam, tayari uko kwenye chungu. Muuzaji aliniambia ni “sida”. Kibandiko kiliandikwa Juniperus chinensis. Rafiki yangu wa Arusha anasema hapana, hiyo ni Juniperus procumbens. Mwingine anashikilia kuwa ni sargentii. Nina kitabu cha zamani kutoka China, na humo mti unaofanana na wangu umeandikwa Sabina chinensis. Jina la kweli ni lipi? Na je, jina lina kazi yoyote kwa mti wenyewe? Nakutumia kitawi.

Jibu: Marahaba mwalimu. Kitawi chako kilinifikia Kigoma kwa basi, kimeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji, kikiwa bado kibichi. Nilikaa nacho barazani hapa Mwanga na kioo changu cha kukuzia kwa muda mrefu, hadi mjukuu wangu akauliza kama ni dawa.

Nisikuzungushe. Mti wako ni Juniperus chinensis. Aliyeandika kibandiko hakukosea. Lakini wenzako wawili nao hawakubuni tu, na kitabu chako hakidanganyi. Wote wanne wamesimama mahali tofauti kwenye mabishano ambayo wataalamu wa mimea wameyavuta kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

Tuanze na alichokiona rafiki yako wa Arusha. Kitawi chako karibu chote kina majani ya sindano: magumu, yenye ncha ya kuchoma, yamepangwa matatu matatu kuzunguka kijiti, na upande wa juu wa kila sindano kuna mistari miwili myeupe. Hivyo hasa ndivyo Juniperus procumbens inavyoelezwa vitabuni. Mtu akitumiwa picha ya simu, atasema procumbens na utamwelewa. Ila chini kabisa, kwenye kikwapa cha tawi, kuna kichipukizi kirefu kama ukucha wa kidole cha mwisho, na hicho hakina sindano hata moja. Majani yake ni magamba madogo yaliyolaliana kama vigae, laini ukipitisha kidole, kijiti chote kinaonekana kama uzi uliosukwa. Procumbens kwa kawaida haifanyi hivyo; hubaki na sindano maisha yake yote. Chinensis ndiyo yenye sura mbili: sindano za utotoni na magamba ya utu uzima, mara nyingi kwenye mti mmoja.

Sasa naomba uniambie ukweli: uliupogoa sana mwaka jana, sivyo? Mreteni wa kundi hili ukikatwa mno, au ukikosa maji, au mizizi ikisumbuliwa wakati wa kuhamisha chungu, hurudi utotoni. Unatoa sindano kwa msimu mzima au zaidi, kisha ukitulia unaanza tena kutoa magamba. Kwa hiyo mkasi wako mwenyewe ndio uliomdanganya rafiki yako. Hapo ndipo penye chanzo cha nusu ya ugomvi wote wa majina ya mireteni ya bonsai: watu wanasoma majani, na majani ya mti huu yanabadilika kufuatana na hali yake.

Nimesema “mreteni” kwa sababu ndilo neno la kamusi kwa miti yote ya jenasi Juniperus, yaani kundi zima la spishi hizi za ndugu. Mitaani hulisikii sana.

Turudi nyuma kidogo. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliitangaza jenasi Juniperus mwaka 1753, na jina Juniperus chinensis akalitoa mwaka 1767, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga China. Mwaka 1847 mtaalamu mwingine, Endlicher, akachapisha kitabu chake cha miti ya koni, na humo mreteni unaotambaa wa Japani akauweka kama aina tu ya chinensis: Juniperus chinensis var. procumbens. Baadaye Miquel akaona haitoshi, akaupandisha kuwa spishi yenye kujitegemea. Tangu hapo kuna wanaofuata wa kwanza na wanaofuata wa pili. Tazama basi: hata kama rafiki yako wa Arusha angekuwa sahihi kuhusu mti, bado wapo wataalamu ambao wangemwambia kuwa procumbens yenyewe ni chinensis! (Kitabu hichohicho cha 1847 ndicho kilichotangaza jina la mreteni wetu wa Afrika Mashariki, Juniperus procera. Nitaurudia.)

Na huyo wa sargentii? Mwaka 1892 Charles Sprague Sargent, mkuu wa bustani ya miti ya Arnold kule Marekani, alikusanya mbegu za mreteni mfupi wenye kutanda kaskazini mwa Japani. Mwaka 1912 Augustine Henry akauita Juniperus chinensis var. sargentii, kwa heshima yake. Wajapani wakaupandisha kuwa spishi, Juniperus sargentii. Wengi leo wameurudisha kuwa aina ya chinensis. Ni huu ambao mafundi wa bonsai wa Japani wanauita shimpaku, ule uliokuwa ukiopolewa kwenye majabali ya milimani, vigogo vimekauka nusu na kung’aa kama mfupa. Kwa hiyo mtu akisema shimpaku ni chinensis yuko sawa, na anayesema ni sargentii yuko sawa pia. Wanabishana juu ya cheo cha mti. Mti wenyewe ni uleule.

Jambo la cheo wewe wa Tabora huenda likakusumbua, lakini sisi wa Kigoma tunalijua kwa michikichi. Hapa kuna dura, ambayo kokwa yake ina ganda nene. Kuna pisifera, isiyo na ganda. Na kuna tenera, mtoto wao, mwenye ganda jembamba na mafuta mengi, ndiyo miche inayotafutwa na kila mkulima siku hizi. Ukimwekea mgeni matunda matatu mezani yamepasuliwa, ataapa ni miti mitatu tofauti. Kumbe yote ni Elaeis guineensis, na tofauti ya ganda inatokana na jeni moja tu, yaani kipande kimoja cha urithi. Tofauti inayoonekana kwa macho, hata ile yenye thamani kubwa sokoni, si lazima iwe tofauti ya spishi. Na kinyume chake ni kweli: mimea miwili inayofanana kama mapacha inaweza kuwa na damu za mbali kabisa.

Ndiyo maana wataalamu waliacha kutegemea macho peke yake. Robert P. Adams wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, alitumia miaka mingi kuchambua mafuta ya majani ya mireteni, ile harufu unayoisikia ukiyasaga kati ya vidole, akitafuta ni kemikali gani zimo na kwa kiasi gani. Kisha akaingia kwenye DNA. Kitabu chake kikubwa cha mireteni ya dunia kilitoka mara ya kwanza mwaka 2004, na toleo la 2014 linahesabu spishi karibu 75. Aljos Farjon, aliyefanya kazi kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, akaichunguza jamii hiyohiyo akapata spishi hamsini na kitu. Si kwamba mmoja hajui kuhesabu. Adams hutenga, Farjon hukusanya. Mfano ni mreteni wa milima ya Sierra, California, ambao watu wa bonsai wa Marekani wanaupenda sana kwa vigogo vyake: kwa Farjon ni namna ya Juniperus occidentalis, kwa Adams tangu mwaka 2006 ni spishi yake, Juniperus grandis. Mti haukusogea hata hatua moja mlimani kwake.

Na DNA nayo usiichukulie kama msahafu. Katika jamii ya mireteni na misaiprasi, kloroplasti, vile vipande vya kijani ndani ya seli, hurithiwa kutoka kwa baba kupitia chavua. Ukipima DNA ya kloroplasti peke yake unasoma ukoo wa kiumeni tu. Ni kama kumjua mtu kwa jina la babu mzaa baba bila kuuliza mama yake katoka wapi. Miti ikiwa imechanganyika zamani, na mireteni inachanganyika, kloroplasti itakuambia hadithi moja na DNA ya kiini itakuambia nyingine. Mtaalamu makini husoma zote mbili ndipo aseme.

Mchanganyiko maarufu kuliko wote ni ule unaoitwa Pfitzer. Kitalu cha Späth cha Berlin kiliutoa mwishoni mwa karne ya 19, ukauzwa kote kama chinensis. Mwaka 1947 mtaalamu mmoja, van Melle, akaandika kwamba hiyo si chinensis safi bali ni mtoto wa chinensis na Juniperus sabina, akaupa jina Juniperus × media. Wakambishia. Mwaka 1999 vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba mzee alikuwa sahihi kuhusu wazazi. Lakini jina alilolitoa halikusimama, maana neno media lilikuwa limeshatumika kwa mreteni mwingine, na sheria ya majina ya mimea haina huruma. Ndiyo maana leo tunaandika Juniperus × pfitzeriana. Alishinda kesi akapoteza jina. Nikisoma habari ile humwonea huruma kidogo.

Kuna mwingine ambao ni balaa zaidi, Parsonii, uliopelekwa Marekani kutoka Japani katika karne ya 19. Utaukuta umeandikwa chinensis, utaukuta squamata, utaukuta davurica. Spishi tatu kwa mmea uleule, kwa sababu kila mwandishi aliangalia tawi la umri tofauti. Umeona sindano na magamba yanavyorudi tena?

Kuhusu kitabu chako cha China, hilo ni rahisi. Katika karne ya 19 mtaalamu aitwaye Antoine aliigawa jenasi: yenye sindano tupu ikabaki Juniperus, yenye magamba ikawa Sabina. Wachina waliufuata mgawo huo kwa muda mrefu. Juzuu ya miti ya koni ya flora yao kubwa, yaani orodha ya mimea ya nchi yao, iliyotoka mwaka 1978, bado inaandika Sabina chinensis. Toleo la Kiingereza la mwaka 1999 likarudi kwenye Juniperus. Basi ukiona Sabina chinensis kwenye kitabu cha penjing, yaani bonsai ya Kichina, soma Juniperus chinensis, uendelee na kahawa yako.

Lakini usiutupe mgawo wenyewe. Sabina haijafa; imeshushwa kuwa seksheni, yaani kundi dogo, ndani ya Juniperus. Na hapa ndipo jina linapogusa mkono wako, jambo ambalo wengi hulipita haraka wakikimbilia ubishi wa vyeo.

Chukua kijiti chako, shika sindano moja kwa kibano, ivute taratibu kwenda chini. Nimefanya hivyo na kitawi chako: sindano haikukatika penye kiungo, ilichanika ikashuka na ukanda mwembamba wa ganda la kijiti. Maana yake kitako cha jani kimeshikamana na kijiti na kuteremka nacho. Hiyo ni seksheni Sabina. Humo mna chinensis, sargentii, sabina, squamata na hata procumbens, ingawa huyu wa mwisho ana sindano tupu. Mireteni ya seksheni ya pili, kama Juniperus rigida ambayo Wajapani huiita tosho, na Juniperus communis ya Ulaya, ina kiungo kamili pale jani linapokutana na kijiti. Ukivuta, sindano inatoka safi kama jino la maziwa.

Kwa mtu wa bonsai tofauti hiyo inazidi ile ya chinensis na procumbens mara kumi. Tosho hutoa machipukizi laini ambayo hubanwa kwa vidole yakiwa bado machanga, tena na tena. Mti wako wa Sabina ukiufanyia hivyo, ukiung’oa ncha zote za kijani ili ubaki duara kama kichwa kilichonyolewa saluni, utaudhoofisha, kwa sababu nguvu zake ziko kwenye zile ncha. Acha ncha zikue, kisha kata kwa mkasi zile ndefu tu, ndani ya tawi, palipo na kijani nyuma yake. Usikate hadi kwenye mti mkavu usio na jani ukitarajia uchipue. Mara nyingi hautachipua. Na sindano zilizorudi usizing’oe kwa hasira. Ndizo zinazoulisha mti sasa hivi. Uache msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, bila kuugusa. Utaona magamba yanarudi yenyewe.

Kutu ya mireteni nayo hufuata ukoo. Kuna kuvu wa Gymnosporangium wanaokaa nusu ya maisha kwenye mreteni na nusu nyingine kwenye miti ya jamii ya mapea na matofaa, na kila aina ya kuvu ina mireteni yake inayoipenda. Tabora huna mpea jirani, kwa hiyo lala usingizi.

Umeuliza pia, kwenye barua yako ndefu, kama uandike Itoigawa, kwa kuwa umeona miti ya jina hilo inafanana na wako. Usiandike. Itoigawa na Kishu si spishi wala si aina za porini zenye mpaka. Ni majina ya vizazi vilivyoteuliwa Japani na kuendelezwa kwa vipandikizi, tunavyoviita kultiva. Fikiria maembe ya Tabora. Dodo, bolibo, sindano: yote ni Mangifera indica, na hakuna mtu sokoni anayebishana kuhusu spishi, wanabishana kuhusu utamu. Mche wa kubebesha unaununua ukijua kikonyo kimetoka kwa mama gani. Ukiokota mche umejiotea chini ya mwembe wa njiani huwezi kuuita dodo kwa sababu jani linafanana. Kultiva ni habari ya ukoo na kumbukumbu. Kibandiko cha ukoo kikishapotea, hakuna kioo cha kukuzia kitakachokirudisha.

Na kubebesha kwenyewe kumeleta kichekesho kipya. Marekani watu huchukua kigogo cha zamani cha mreteni wa California au wa Milima ya Rocky, wakabebesha juu yake majani ya shimpaku, kwa kuwa majani ya asili ni malegevu. Baada ya miaka michache kigogo ni spishi moja na kijani chote ni nyingine. Maonyesho yanauliza: mti huu uandikwe nini? Kwangu mimi uandikwe zote mbili, na asiyependa maneno mengi asibebeshe.

Sasa “sida”. Muuzaji wako hakuzua. Ameokota neno la Kiingereza ambalo Waingereza wenyewe hulitumia hovyo. Wanaiita hivyo Cedrus ya Lebanoni, ndiyo mwerezi wa Biblia yetu, na wanaiita hivyohivyo mireteni kadhaa ambayo kuni zake zinanukia. Na wao pia waliteleza upande wa pili: katika 1 Wafalme 19 Eliya anaketi chini ya mretemu, nasi tumelihifadhi karibu neno lenyewe la Kiebrania, wakati Biblia ya Kiingereza ya King James iliuita mreteni. Mretemu ni kichaka cha jangwani cha jamii ya kunde. Hapo Kiswahili kiliwashinda.

Hatari ya “sida” kwa mnunuzi ni kwamba hata msaiprasi huuzwa kwa jina hilo. Mche mdogo wa msaiprasi na wa mreteni vinafanana mno. Mimi mwenyewe, tena nikiwa na cheti, niliwahi kuwapeleka wanafunzi mbele ya uzio na kuwafundisha mreteni kwa dakika arobaini, hadi binti mmoja akaokota koni chini na kuniuliza mbona ni ngumu kama njugu. Koni ya msaiprasi ni ya mbao na hupasuka. Ya mreteni ni laini yenye nyama, inafanana na tunda dogo la buluu au kahawia. Tangu siku ile naangalia chini kwanza, kisha majani.

La mwisho, ambalo hukuliuliza. Mireteni ya Japani na China inataka majira ya baridi ili ipumzike. Tabora ina kimo cha mita 1,200 hivi, sisi wa ziwani ni kama 775, na hakuna hata mmoja wetu mwenye baridi ya kuulaza mti. Wako unaweza kuishi, ila utaishi kwa kuchoka: uwekee jua la asubuhi, kivuli chepesi kuanzia saa saba mchana, na udongo wa changarawe unaopitisha maji haraka. Ukitaka mreteni usiodai baridi ya ugenini, tafuta miche ya kitalu ya Juniperus procera, mtarakwa, ambao Wasambaa huuita mwangati. Ndio mreteni pekee unaovuka ikweta kwa asili yake, kutoka Arabuni na Ethiopia hadi Zimbabwe. Kwetu uko Usambara, Meru na Kilimanjaro. Nao hupenda mwinuko wa kuanzia mita 1,500 hivi, kwa hiyo Tabora utakuwa na joto kidogo kwake, lakini haujazoea theluji. Hukua wima kwa ukaidi na unahitaji waya mapema. Miche yake huanza na sindano na kugeuka magamba baadaye, kwa hiyo jiandae: kuna mtu atakuja kukuambia ni procumbens.

Kwenye kibandiko andika Juniperus chinensis, kisha “Dar es Salaam”, mwaka ulioununua, na tarehe ulipoukata sana. Kitawi chako nimekichomeka kwenye mchanga na mkaa uliosagwa, kwenye kivuli cha mwembe. Kikishika nitakurudishia kwa basi lilelile, nacho kitakuwa mti wako uleule, kama pingili ya muhogo. Kisiposhika, lawama ni za joto la Kigoma.